Hifadhidata yenye nakala katika seva za wingu: jinsi inavyosimikwa, inavyoendeshwa na inavyoweza kupotea

Hospitali inapofungua faili la mgonjwa, mfanyabiashara anapopokea malipo kwa simu, au ofisi ya serikali inapoandikisha kuzaliwa kwa mtoto, kumbukumbu hiyo siku hizi huingia katika hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta ili uweze kutafutwa na kubadilishwa kwa haraka. Iwapo hifadhidata hiyo imo katika kompyuta moja pekee, siku itakapoharibika, mgonjwa atakuwa hana historia ya matibabu na mfanyabiashara atakuwa hana ushahidi wa malipo yake.

Kwa sababu hiyo, taasisi nyingi huweka nakala kadhaa za hifadhidata moja katika seva mbalimbali, na seva hizo mara nyingi hukodiwa kutoka kwa makampuni ya huduma za wingu. Makala haya yanaeleza jinsi mpango huo unavyofanya kazi, maamuzi yanayotakiwa kabla ya kuusimika, na kwa nini baadhi ya taasisi zenye nakala nyingi zimewahi kupoteza data.

Wingu liko ardhini

Katika lugha ya kompyuta, wingu ni majengo makubwa yenye maelfu ya seva, umeme wa uhakika, mitambo ya kupoza joto na nyaya za mawasiliano. Mteja hukodi sehemu ya nguvu ya seva hizo kupitia intaneti na hulipia kadiri anavyotumia. Faida yake ni kwamba taasisi ndogo haina haja ya kununua mitambo, kujenga chumba maalumu, wala kuajiri walinzi.

Hata hivyo, jengo hubaki kuwa jengo. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza kituo kimoja cha data cha kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, na kuunguza sehemu ya kituo kingine kilichokuwa jirani. Hakuna mtu aliyejeruhiwa, lakini baadhi ya wateja walipoteza data zao kabisa, kwa kuwa nakala walizozitegemea zilikuwa katika eneo lilelile lililoungua.

Ili kupunguza hatari ya namna hiyo, makampuni makubwa ya wingu hugawa kila eneo katika kanda kadhaa. Kila kanda ina umeme wake na mitambo yake ya kupoza, na iko mbali kiasi na nyingine ili moto au mafuriko ya mahali pamoja yasizifikie zote. Kanuni ya kwanza ya anayesimika hifadhidata yenye nakala ni kuhakikisha kwamba kila nakala iko katika kanda yake. Nakala 3 zilizokaa katika chumba kimoja zinalinda dhidi ya kuharibika kwa seva moja tu.

Seva kuu na seva fuasi

Katika mpango unaotumika zaidi, seva moja huwa kuu na nyingine huwa fuasi. Maandishi yote mapya, kama vile malipo, usajili au marekebisho, hupelekwa kwa seva kuu. Seva hiyo huandika kila badiliko katika daftari maalumu kwa mpangilio wa kutokea kwake, kisha seva fuasi husoma daftari hilo na kurudia mabadiliko yaleyale mstari kwa mstari. Programu maarufu za hifadhidata, zikiwemo PostgreSQL, MySQL na MongoDB, hutumia msingi huu ingawa kila moja ina utaratibu wake.

Uamuzi mkubwa hapa ni kuhusu subira. Katika njia ya kwanza, seva kuu haimthibitishii mteja kwamba kumbukumbu yake imepokelewa mpaka angalau seva fuasi moja nayo iseme imeipata. Njia hiyo ni salama zaidi, lakini kila muamala huchelewa kwa muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Katika njia ya pili, seva kuu huthibitisha papo hapo na kuziachia seva fuasi zifuate kwa kasi yake. Njia hiyo ni ya haraka, lakini seva kuu ikizimika ghafla, mabadiliko ya sekunde za mwisho ambayo hayajavuka yanaweza kupotea.

Hakuna jibu moja linalofaa wote. Anayehesabu watu wangapi wamesoma tangazo anaweza kuvumilia kupotea kwa sekunde chache za data. Anayehamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine hawezi. Programu nyingi humruhusu mtumiaji kuchagua kiwango cha subira kwa kila aina ya kumbukumbu, na uamuzi huo unapaswa kufanywa na wenye kazi pamoja na mafundi wao.

Akidi: nani ana haki ya kuwa kiongozi

Seva kuu ikinyamaza, mojawapo ya seva fuasi lazima ichukue nafasi yake. Ugumu ni kwamba kunyamaza si lazima kuwe kufa. Huenda seva kuu iko hai na inaendelea kupokea maandishi, ila waya unaoiunganisha na wenzake umekatika. Seva fuasi ikijitangaza kuwa kuu wakati ile ya kwanza bado inafanya kazi, kutakuwa na viongozi wawili wanaoandika mambo tofauti katika daftari linalopaswa kuwa moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na data zilizogawanyika kwa namna hiyo ni vigumu sana kuziunganisha tena.

Suluhisho linafanana na lile la vikao vya bunge au mikutano ya ushirika, yaani akidi. Hakuna seva inayoweza kuwa kuu bila kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya seva zote zenye haki ya kura. Zikiwa 3, akidi ni 2, na kundi linaweza kuvumilia kupotea kwa seva 1. Zikiwa 5, akidi ni 3, na kundi linavumilia kupotea kwa seva 2. Zikiwa 4, akidi pia ni 3, hivyo kundi linavumilia kupotea kwa seva 1 tu, sawa na lile la seva 3. Ndiyo maana wasimikaji hupendelea idadi isiyogawanyika kwa 2. Kundi la seva 2 pekee haliwezi kuvumilia kupotea hata kwa moja, kwa kuwa inayobaki haina wingi wa kura.

Katika MongoDB, kwa mfano, seva hutumiana salamu kila baada ya sekunde 2. Seva kuu isiposikika kwa sekunde 10, kwa mpangilio wa kawaida wa programu hiyo, seva fuasi yenye sifa huitisha uchaguzi. Iwapo seva kuu iliyotengwa inagundua kwamba haioni tena wingi wa wenzake, hujishusha na kuacha kupokea maandishi. Kwa muda mfupi huduma husimama, na hiyo ndiyo gharama ya kuzuia viongozi wawili.

Sekunde 43 zilizoleta kazi ya saa 24

Tukio la tarehe 21 Oktoba 2018 katika kampuni ya GitHub ya Marekani, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu kutoka duniani kote, linaonyesha kwamba hata akidi ikifanya kazi yake sawasawa, bado kunaweza kutokea hasara. Wakati wa matengenezo ya kawaida ya kubadilisha kifaa kibovu cha mtandao, mawasiliano kati ya kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki na kitovu cha mtandao wa kampuni hiyo yalikatika kwa sekunde 43.

Katika muda huo mfupi, mfumo unaosimamia uongozi wa hifadhidata ulipiga kura. Seva zilizoweza kuonana zilipata akidi na kuhamishia uongozi pwani ya magharibi. Lakini kituo cha mashariki kilikuwa kimekwisha kupokea maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamevuka kwenda magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na kumbukumbu ambazo upande mwingine haukuwa nazo.

Kampuni iliamua kulinda ukamilifu wa data kwanza na kurudisha kasi ya huduma baadaye. Huduma ziliathirika kwa saa 24 na dakika 11, huku mafundi wakirejesha hifadhidata kutoka nakala za akiba na kusubiri seva fuasi zifikie wenzao. Funzo ni kwamba uchaguzi huamua nani anaongoza, lakini hauwezi kuvusha maandishi ambayo hayakuwa yamevuka. Kinachovusha maandishi ni kile kiwango cha subira kilichochaguliwa tangu mwanzo.

Umbali na bei yake

Kwa nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, swali la mahali pa kuweka nakala ni zito zaidi. Kampuni ya Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu nchini Afrika Kusini mwezi Machi 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwezi Aprili 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwezi Januari 2024. Kabla ya hapo, taasisi nyingi za ukanda huu zilizokodi seva za makampuni hayo zilitumia vituo vya Ulaya.

Ishara ya mwanga husafiri ndani ya waya wa nyuzi za kioo kwa kasi ya takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza takribani milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kutoka Kigali hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, na nyaya halisi huzunguka zaidi. Kuchelewa huko hakuonekani kwa mtu anayesoma ukurasa mmoja, lakini mfumo unaosubiri uthibitisho wa mbali kwa kila muamala, na wenye maelfu ya miamala, hulemewa.

Huduma ya M-Pesa ya Kenya, iliyoanza mwaka 2007, iliendeshwa kwa miaka kadhaa kwa kutumia seva zilizokuwa Ujerumani. Mwaka 2015 seva hizo zilihamishiwa Kenya, karibu na watumiaji wake.

Umbali una hatari nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Intaneti ilidorora katika nchi kadhaa zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Nchi zisizo na bahari, kama Uganda, Rwanda na Burundi, hupata sehemu kubwa ya intaneti yao kupitia nyaya za nchi kavu zinazotoka pwani, hivyo tatizo la baharini hufika hadi bara.

Katika hali kama hiyo, seva za wingu huwa salama kule ziliko, ila wahusika hawawezi kuzifikia. Hospitali iliyoweka seva zake zote ng'ambo hujikuta na data kamili isiyoweza kusomeka. Kwa sababu hiyo, mpango unaofaa mara nyingi ni kuwa na nakala moja ndani ya nchi au ndani ya taasisi yenyewe, angalau ya kusomwa, na nyingine katika wingu. Hata hivyo, kura za uongozi zinapaswa kuwekwa mahali ambapo kukatika kwa waya mmoja hakutaondoa akidi.

Hatua za kusimika

Baada ya maamuzi hayo, kazi ya kusimika hufuata mpangilio unaoeleweka. Kwanza, seva 3 hukodiwa katika kanda 3, zikiwa na toleo moja la programu ya hifadhidata na diski ambazo hazifutiki seva inapozimwa. Pili, saa za seva zote hulinganishwa kupitia mtandao, kwa kuwa saa zinazotofautiana huvuruga ufuatiliaji wa matukio.

Tatu, seva huunganishwa kwa mtandao wa ndani usioonekana kutoka nje. Mawasiliano kati yake husimbwa, na kila mtumiaji hupewa nenosiri lake na ruhusa zinazolingana na kazi yake. Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fedha.

Nne, seva kuu huanzishwa, nakala ya kwanza ya data hupelekwa kwa seva fuasi, kisha ufuataji wa daftari la mabadiliko huwashwa. Tano, programu za watumiaji hupewa majina ya seva zote, ili kiongozi akibadilika ziweze kumtafuta mpya bila mtu kuzirekebisha. Sita, kabla ya watumiaji kuruhusiwa, seva kuu huzimwa makusudi ili kuona kama uchaguzi unafanyika na kama programu zinaendelea. Jaribio hilo likifanyika siku ya kwanza, gharama yake ni dakika chache.

Taasisi isiyo na mafundi wa kutosha inaweza kukodi hifadhidata inayoendeshwa na kampuni ya wingu yenyewe. Bei yake ni kubwa zaidi, na data zinazosafirishwa kati ya maeneo ya mbali kwa kawaida hutozwa ada ya ziada. Lakini uchaguzi wa mahali, ruhusa na muda wa kutunza akiba hubaki mikononi mwa mteja.

Nakala hai si akiba

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kudhani kwamba aliye na seva fuasi hahitaji akiba. Nakala hai hufuata kila linalofanyika katika seva kuu, likiwemo kosa. Mtumishi akifuta orodha ya wagonjwa kwa bahati mbaya, amri hiyo huandikwa katika daftari, na seva fuasi huitii mara moja. Nakala hai humlinda mwenye data dhidi ya kifo cha mashine. Kosa la binadamu na hila ya mwizi huhitaji akiba, yaani nakala ya jana au ya juzi iliyowekwa kando, mahali ambapo amri za leo hazifiki.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotoa huduma inayofanana na ya GitHub, ilikumbwa na mfano wa wazi. Seva fuasi ya hifadhidata yake ya PostgreSQL ilichelewa mno, na sehemu ya daftari la mabadiliko iliyoihitaji ikawa imekwisha kuondolewa katika seva kuu. Ilibidi ianze upya. Fundi aliyekuwa akifuta data za seva fuasi ili kuijaza tena alitoa amri hiyo katika seva kuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki takribani 4.5.

Mafundi walipotafuta akiba, waligundua kwamba programu iliyopaswa kuitengeneza kila siku ilikuwa ikishindwa, kwa sababu toleo lake halikulingana na toleo la hifadhidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zikikataliwa, hivyo hakuna aliyejua. Kilichookoa kampuni ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Data za saa hizo 6 zilipotea moja kwa moja. Kampuni ilichapisha maelezo kamili ya tukio hilo, na mpaka leo hutumika kufundishia.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta huweza kuoza kimyakimya. Njia ya kujua kama ni nzima ni kuirejesha katika seva tupu, kuifungua na kuhesabu kumbukumbu zilizomo. Zoezi hilo linapaswa kuwa na tarehe katika kalenda na mtu anayewajibika, na muda uliotumika kurejesha uandikwe, kwa kuwa huo ndio muda ambao wananchi watasubiri siku ya ajali.

Sheria na mipaka

Anayeweka kumbukumbu za watu lazima pia ajue sheria inaruhusu zikae wapi. Nchini Rwanda, Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inataka data binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, na kuzihifadhi nje kunahitaji cheti kutoka mamlaka husika. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao za kulinda data binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, huku Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikitoa sheria yake ya masuala ya kidijitali mwaka 2023. Kila moja ina masharti yake kuhusu data zinazovuka mpaka. Kwa mujibu wa mantiki ya sheria hizo, seva fuasi iliyoko nchi nyingine si chombo cha kiufundi tu. Ni kumbukumbu za raia zilizovuka mpaka, hata kama seva kuu haijahama.

Uangalizi wa kila siku

Hifadhidata iliyosimikwa vizuri huhitaji kuangaliwa katika mambo machache kila siku: seva fuasi imechelewa kwa sekunde ngapi nyuma ya seva kuu, diski imebakiwa na nafasi kiasi gani, seva zenye haki ya kura zote zinasikika, na akiba ya usiku uliopita imekamilika na ukubwa wake unalingana na wa kawaida. Tahadhari zipelekwe kwa njia zaidi ya moja, na ukimya wa mfumo wa tahadhari wenyewe uhesabiwe kuwa tahadhari. Amri za hatari zitolewe na watu wawili, mmoja akisoma jina la seva kwa sauti kabla ya mwenzake kubonyeza.

Mwananchi wa kawaida haoni lolote kati ya hayo, lakini yeye ndiye mwenye kumbukumbu. Kiongozi wa hospitali, benki au ofisi ya umma anayeambiwa kwamba data ziko salama katika wingu ana haki ya kuuliza maswali matatu: nakala ziko katika majengo mangapi, waya ukikatika leo nani ataendelea kuandika, na ni lini mara ya mwisho akiba ilirejeshwa ikasomeka. Swali la tatu likikosa jibu lenye tarehe, taasisi hiyo bado haijui kama ina akiba.